Mlingoti wa Mikindani

Usiuite dungusi.
Mama hukasirishwa na hilo kuliko deni la dukani.
"Dungusi lina miba kila mahali, kama mtu asiye na adabu.
Mkonge una mwiba mmoja tu, nchani,
mweusi, na hauchomi ila aliyeufuata."

Aliuleta ukiwa kitoto cha shubiri moja,
mizizi imekauka kama masharubu ya uduvi,
akautia koponi, kopo la rangi, kisha nyuma ya choo,
penye matumbawe na vigae, mahali mchicha ulipokataa.
Nikaja na ndoo. Akacheka.
"Kwao ni jangwani, ng'ambo ya bahari mbili.
Ukimnywesha sana ataoza."

Miaka tisa alikata majani shambani, kaskazini ya mji,
mafungu ya thelathini thelathini,
akihesabu kwa Kigiriama, na akikasirika kwa Kiswahili.
Jani zima, refu kama mkono na zaidi,
zito kwa maji na nyama ya kijani;
uzi uliomo ndani haujazi kiganja.
Mengine yote makapi.
"Na mshahara ulikuwa hivyo hivyo," husema,
akijikuna pale utomvu ulipomla, kiwikoni,
madoa hayo hayajatoka.

Mchana mkonge hufunga vinywa vyake vyote.
Jua la Januari linapiga mabati mpaka yanalia,
nao umejipaka nta, umebana pumzi.
Usiku, watu wakitandika mikeka nje,
ndipo unapofungua vitundu usivyoviona
ukavuta hewa, na moshi wa malori ya Changamwe humo humo,
ukaiweka akiba hadi kuche.
Mama, aliyefagia bohari za Shimanzi usiku wa manane,
hakuona ajabu.
"Kila mwenye akili hula jua likizama."

Majani ya chini aliyaparura ubaoni kwa mgongo wa kisu
mpaka singa zikatoka, nyeupe, baridi.
Akazisokota pajani.
Kamba ile ilifunga sanduku la kaka yangu Dzombo
alipokwenda Voi; ikamfunga mbuzi;
ikaanika nguo zetu na za wapangaji sita.
Ya plastiki ilipokuja, ya buluu, ya bei ya chini,
alinunua moja. Jua likaimaliza kabla ya Ramadhani.
Hakusema neno. Aliiweka tu mezani, ile vumbi ya buluu.

Mwaka wa kumi na moja, mwezi wa Machi,
katikati ya majani pakachomoza kitu kama mchi wa kinu.
Leo kiunoni. Juma la pili, kichwani.
Mwezi wa Mei kilikuwa kinachungulia juu ya paa,
Juni kikaanza kunyemelea waya za stima.

Mwachiro wa kampuni ya stima akaja na ngazi na panga.
"Huu utatuchomea mtaa."
"Ngoja azae," akasema Mama.
Akaondoka. Akarudi, maua yamefunguka, ya manjano,
popo wamelewa. "Ngoja azae."
Mara ya tatu hakuomba ruhusa.

Lakini vitoto vilikuwa tayari vimening'inia,
mamia, kila kimoja na majani yake madogo,
hata mbegu haikuhitajika.
Mlingoti ulipolala, vikanyesha juu ya mabati,
juu ya wali wa Bi Nyevu, ndani ya karai la Mzee Shee.
Watoto wakaviokota kwa kapu.
Mwachiro akatazama huku na huku,
akatia viwili ndani ya kofia yake ya kazi.

Mama mtu umenyauka sasa, umekuwa rangi ya mkeka wa zamani.
Hatukuung'oa. Huzaa mara moja, basi.
Mlingoti tumeusimamisha uani ushike kamba ya nguo.
Ni mwepesi, nimeubeba begani peke yangu.
Jana nilipigilia msumari:
ukazama wote kwa pigo moja,
bila sauti,
kama uliokuwa ukisubiriwa.